Siku Ile Kwenye Foleni ya Uji

Makutupora,
24 Februari 2024

Zipora,

Mwalimu wa Kiswahili angetaka nianze na salamu ndefu, lakini leo naanza na dawati letu. Limekuwa pana. Nikiweka daftari upande wangu, upande wako unabaki mtupu, na kila anayepita anautazama kama mtu anayetazama nyumba iliyohamwa.

Ni wiki mbili sasa tangu baba yako akutoe shule. Mama ndiye aliyeniambia umepelekwa Mtera, kwa bibi mzaa mama yako. Leo mjomba wako Obedi amekuja dukani kwetu kumletea baba samaki wakavu, nikamwomba akubebee barua. Anasema hupita huku kila baada ya wiki mbili. Basi yeye ndiye posta yetu, maana simu ya bibi yako haipatikani, na nikitumia ya baba dukani wateja wote wanasikiliza.

Mkono unaendeleaje? Niliona tu mpishi akiufunga kwa kanga yake. Mimi nilikuwa mwisho kabisa wa foleni ya uji, sikuona vizuri. Nilisikia kelele, halafu watu wakakimbia.

Mwalimu Mkuu Optatus alitutangazia mstarini kwamba unapumzika nyumbani mpaka upone, na kwamba tusiulizeulize. Hakutaja ugonjwa. Ila darasa zima la saba linasema ni kifafa.

Zabibu zimeanza kuvunwa. Mama yako nilimwona jana shambani amebeba kreti, akaniuliza, "Salma, mnasoma nini sasa?" Nilipomwambia, akatikisa kichwa polepole kama anakukariria.

Msalimie bibi, shikamoo yake.

Mimi,
Salma Mbwana

*

Mtera,
9 Machi 2024

Salma,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Bibi ameitikia marahaba, kisha akauliza wewe ni mtoto wa nani. Nikamwambia, wa yule Mrangi mwenye duka, anayepima sukari bila kukunja uso. Akacheka.

Mimi ni mzima. Mkono unapona, ila vidole viwili havinyooki vizuri. Huku nimeanza shule. Ni nzuri, mwalimu wetu ni mpole. Kutoka mlangoni kwa bibi naliona bwawa lote, na asubuhi wavuvi wanarudi na perege.

Nina ombi moja. Niandikie siku ile ilikuwaje. Nakumbuka nimeshika kibakuli, na jua lilikuwa kali. Halafu nakumbuka dari ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, na mkono unawaka. Katikati hakuna kitu kabisa. Kabla sijaletwa huku nilimuuliza mama, akalia. Nilimuuliza baba, akatoka nje. Inakuwa kama kuna saa ya maisha yangu ambayo watu wote waliiona isipokuwa mimi.

Wewe hunifichi. Niambie, hata kama nilijikojolea. Niambie tu.

Nakukumbuka. Ninapokula mlenda nakukumbuka, maana wewe ndiye ulikuwa unausema vibaya.

Zipora

*

Makutupora,
23 Machi 2024

Zipora,

Tumefunga, siku ya kumi na mbili leo. Saa saba mchana ubao unaanza kucheza machoni. Ungekuwepo ungenikanyaga mguu chini ya dawati nisisinzie.

Habibu, kiranja, aliomba kuhamia upande wako kwa sababu uko karibu na dirisha. Nikamwambia hapana. Akauliza, "Umeuandikia hati?" Darasa likacheka, lakini hakukaa.

Kuhusu siku ile hakuna kikubwa cha kusimulia. Ulianguka, watu wakashtuka, mpishi akakuinua. Ndivyo ilivyokuwa. Usiumize kichwa kwa ajili hiyo.

Mwalimu Mkuu kila asubuhi anahesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani wa Septemba. Hata kipindi cha michezo ametufutia.

Nimekuwekea zabibu zilizokauka kwenye mfuko wa nailoni. Mwambie mjomba asizile njiani.

Salma

*

Mtera,
20 Aprili 2024

Salma,

Mjomba alizila nusu, lakini alikiri.

Naomba uninakilie notisi za Sayansi na Hisabati. Zote, tangu Februari. Andika hata tarehe pembeni, na hata pale mwalimu alipokosea akafuta. Nataka niwe nasoma kama vile niko pale.

Nasikia huko mvua imekatika mapema. Huku bwawa limejaa. Jioni maji yanakuwa mekundu, na mimi ninaanza kuhesabu: sasa Salma anafagia mbele ya duka, sasa anamwagia maji ule mche wa mlonge, sasa amewasha redio. Je, huwa ni kweli? Au nimeanza kukutungia maisha?

Hukunijibu vizuri kuhusu siku ile. "Ulianguka, watu wakashtuka." Hata mjomba angeweza kuniambia hivyo, na hakuwepo.

Zipora

*

Makutupora,
11 Mei 2024

Zipora,

Notisi ziko ndani ya bahasha kubwa. Lakini kabla ya notisi, mengine.

Nilimuuliza mjomba wako, "Zipora anasoma shule gani huko?" Akanitazama. "Shule? Zipora hasomi. Bibi yake hamruhusu hata kufika mtoni peke yake." Nilirudi ndani nikajifungia stoo, nikalia juu ya gunia la mchele. Kwa hiyo wewe na mimi wote tumekuwa tukidanganyana. Acha nianze mimi kusema kweli.

Jumatano Nesi Angelina wa kituo cha afya alikuja darasani kutufundisha kunawa mikono. Alipewa dakika ishirini tu. Alipomaliza akauliza kama kuna swali, nikanyoosha mkono.

"Nesi, povu la mtu aliyeanguka kifafa linaambukiza?"

Nesi akaweka sabuni mezani.

"Nani amekwambia linaambukiza?"

"Watu wote."

"Basi watu wote wamekosea. Ni mate tu, kama yako. Kifafa kinatokana na ubongo. Hukipati kwa kumgusa mwenzako, wala kwa kula naye sahani moja. Na kina dawa, mgonjwa akizimeza kila siku wengi wanatulia."

Habibu akauliza, "Sasa mtu akianguka tumfanyeje?"

Nesi akataka kujibu, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. "Nesi, tulikubaliana mikono. Hayo mengine ni ya hospitali. Watoto hawa wana mtihani, na mtihani hauulizi kifafa."

Nesi akafunga begi lake. Alipompita akasema, kwa sauti ndogo lakini sote tulisikia, "Mwalimu, yule binti hakuungulia hospitali. Aliungulia hapa."

Zipora, mimi sikuwa mwisho wa foleni. Nilikuwa nyuma yako, kama siku zote. Ulikuwa unanieleza habari ya ndama wenu, ukanyamaza katikati ya neno. Ukasema "Sal," ukaanguka. Mwili ukawa unatetemeka, povu likatoka, na mkono wako wa kulia ukaingia kwenye mafiga. Habibu alikuja mbio kukuvuta. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Usimguse! Povu lina ugonjwa!" Akasimama. Wote wakasimama, halafu wakakimbia. Mimi pia nilikimbia, lakini niligeuka, kwa hiyo niliona. Mpishi alikuwa stoo akipima unga. Mpaka anatoka ilikuwa labda dakika moja. Mkono wako ulikuwa kwenye makaa dakika hiyo yote.

Bibi yangu ndiye aliyeniambia habari za povu tangu nikiwa mdogo, na yeye aliambiwa na wakubwa wake. Sisemi hivyo nijitetee. Nasema kwa sababu uliomba niseme ilivyokuwa.

Hukujikojolea.

Salma

*

Makutupora,
8 Juni 2024

Zipora,

Mjomba amekuja mara mbili mikono mitupu. Nilimuuliza kama ulisoma barua. Akasema uliisoma nje, peke yako, ukaikunja ukaiweka ndani ya Biblia ya bibi.

Sikuulizi kitu. Shule imefungwa ila sisi wa darasa la saba tuko kambi ya masomo. Nimeandika tu ili mjomba asifike mikono mitupu na kwako.

Salma

*

Mtera,
22 Juni 2024

Salma,

Nilitaka nisikuandikie tena. Niliandika barua moja mbaya sana, bibi akawasha nayo moto wa chai bila kujua, au kwa kujua.

Sasa nakwambia ya kwangu. Hapa nina sahani yangu na kikombe changu, vimetiwa alama ya rangi ili watoto wa mama mdogo wasivitumie. Nimechanjwa chale mgongoni na mganga mara tatu. Bado naanguka, mwezi uliopita mara tano. Siruhusiwi jikoni wala majini. Tukienda kuteka maji bibi ananifunga kanga kiunoni, upande wa pili anajifunga yeye. Watoto wa wavuvi wanalia mee, mee. Bibi anawajibu kwa Kigogo maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akiniona nimeinamisha kichwa ananiambia, "Mama yako nilimfunga mgongoni, wewe nimekufunga kiunoni. Tofauti ni nini?" Mimi nina miaka kumi na minne, Salma. Tofauti ipo.

Shule nilikutungia. Nilikaa mlangoni nikawaona watoto wenye sare wakipita, nikachagua mmoja nikasema huyu ni mimi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Nilikuwa nakuchukia kila nikifika kwenye ile dakika. Halafu narudi mwanzo kusoma tena, kwa sababu ni wewe peke yako uliyenirudishia ile saa yangu. Kumbe nilikuita. Sikujua kama nilikuita.

Sijui kama nimekusamehe. Usiache kuandika.

Ni kweli nesi alisema hata kula sahani moja? Alisema hasa maneno hayo?

Zipora

*

SHULE YA MSINGI
MAKUTUPORA, DODOMA
15 Julai 2024

Ndugu Daudi,
Mzazi wa Zipora,
Makutupora.

YAH: KUREJEA SHULENI KWA MWANAFUNZI ZIPORA DAUDI WA DARASA LA SABA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari nilikuagiza umweke binti yako nyumbani hadi atakapopona. Nakuandikia kukujulisha kuwa agizo lile nimeliondoa, na kueleza sababu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Julai, mwanafunzi Salma Mbwana aliomba ruhusa ya kusema mstarini. Nilidhani ni tangazo la usafi. Alisimama mbele ya wanafunzi wote na walimu, akasema kwamba yeye ndiye aliyewazuia wenzake wasimwokoe Zipora, kwamba alifanya hivyo kwa kutojua, na kwamba hakuna mtu shuleni hapa aliyewahi kumfundisha. Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote, kama mimi nilijua la kufanya.

Sikujua. Ndugu Daudi, siku binti yako alipoanguka nilikuwa ofisini, umbali wa hatua ishirini. Niliona kupitia dirisha. Nilitoka mpishi alipokwisha kumvuta, na hata hapo sikumgusa. Niliagiza wengine wambebe. Nimefundisha miaka ishirini na tatu. Nimefaulisha watoto wengi. Jambo hili sikufundishwa chuoni wala sikulitafuta, na mtoto wako ameungua katika shule ninayoiongoza.

Siku ileile nilikwenda mwenyewe kituo cha afya kumwomba Muuguzi Angelina arudi. Kuanzia sasa kila Ijumaa kipindi cha kwanza ni cha afya, madarasa yote, ukiwemo ugonjwa huu. Baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba napoteza muda wa mtihani. Nimewajibu kwamba kipindi hicho hakitaondolewa. Mafiga ya uji nayo yamezungushiwa ukuta.

Muuguzi anashauri binti apelekwe kituo cha afya kilicho karibu naye apimwe na kuanzishiwa dawa. Jina lake halijafutwa kwenye daftari la mahudhurio. Mtihani wa mwaka huu hatauwahi. Hilo ni kosa langu na siwezi kulirudisha. Nafasi yake ya Januari ipo.

Naomba radhi kwako, kwa mama yake, na kwa bibi. Kwa Zipora nitaomba mwenyewe akija.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Optatus
Mwalimu Mkuu

*

Mtera,
10 Agosti 2024

Salma,

Baba alikuja na barua ya Mwalimu Mkuu mfukoni. Alimsomea bibi kwa Kiswahili, kisha akairudia kwa Kigogo, na alipofika pale pa kuomba radhi, bibi akamwambia, "Rudia hapo." Akarudia mara mbili.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya sote watatu. Daktari aliniuliza mambo mengi, mengine mimi sikuyajua, nikamwonyesha barua yako ya Mei. Akaisoma yote. Akasema, "Huyu aliyeandika ameona vizuri." Ningependa ujue hivyo.

Nameza kidonge kila usiku. Siku za kwanza nililala kama mfu, sasa nimezoea. Wiki tatu sijaanguka. Jana tulipokwenda mtoni bibi aliiacha kanga imening'inia kwenye mlango, akaniambia, "Twende." Nilitembea nyuma yake, mikono ikakosa kazi.

Sahani yenye alama bado ipo. Mama mdogo anasema anaelewa, lakini anaogopa. Nimemwachia.

Daktari anataka aniangalie mpaka Desemba ndipo nirudi huko.

Ulisimama mstarini. Wewe, unayejificha nyuma yangu hata kwenye kuimba. Nilimwambia baba anisimulie ulivyosimama, akasema hakuwepo. Sasa ni zamu yako kuniandikia, na usiseme "nilisimama, watu wakashtuka."

Tarehe 11 Septemba asubuhi, ukiingia kwenye mtihani, mimi nitakuwa nimekaa mlangoni nimeshika kalamu.

Zipora

*

Mtera,
20 Desemba 2024

Salma,

Narudi! Tarehe kumi Januari nina kliniki, nachukua dawa, halafu mjomba ananileta.

Nimepanga yote. Wewe utakuwa sekondari ya kata, mimi darasa la saba mara ya pili, lakini njia ni moja mpaka kwenye pampu ya maji. Tutatoka pamoja kila asubuhi. Nitakungoja dukani jioni. Jumamosi tutakwenda kuvuna zabibu. Miezi kumi nimekuwa nikiongea nawe kwa karatasi. Nina hamu ya kukukatiza maneno.

Kitu kimoja nitakwambia nikifika, sitaki kukiandika.

Zipora

*

Makutupora,
20 Desemba 2024

Zipora,

Uchaguzi wa kidato cha kwanza umetoka. Nimepangiwa shule ya bweni ya wasichana, Kondoa. Baba amechinja kuku wawili, anasema mtoto wake anarudi nyumbani kwao, kwa Warangi, kusoma. Wote wanafurahi, na mimi nacheka nao, kisha naenda stoo.

Natakiwa kuripoti tarehe 13 Januari. Naondoka Jumapili, tarehe 12. Tafadhali fika kabla. Mwambie mjomba, mwambie daktari, mwambie bibi. Hata saa moja tu.

Salma

*

Makutupora,
29 Machi 2025

Salma,

Barua hii anakuletea baba yako, anakuja Kondoa kwa ajili ya Idi. Najua umeshasikia kwamba siku ile ya kliniki dawa zilikuwa hazijafika, tukangoja mpaka Jumatatu. Nilifika dukani kwenu saa tisa alasiri ya tarehe 13. Mama yako alikuwa anaanika shuka zako. Nilimsaidia.

Mwalimu Mkuu aliniomba radhi siku ya kwanza, kwenye korido, kofia mkononi. Niliitikia "sawa mwalimu" tu. Siku hizi ninapopita ananiita kwa jina.

Februari dawa ziliisha kituoni wiki nzima, nikaanguka darasani. Nilipoamka nilikuwa nimelazwa ubavu, sweta la mtu chini ya kichwa, madawati yamesogezwa. Wasichana wawili walikuwa wamekaa sakafuni karibu yangu. Mmoja akasema, "Zipora, umeanguka. Ni dakika mbili tu. Uko darasani, tuko na wewe." Wengine walikuwa wanaendelea na hesabu, wakigeuka kidogo kuchungulia. Nilijikojolea safari hii. Wakanifunga sweta kiunoni, tukatoka.

Jana ilikuwa Ijumaa, kipindi cha afya. Nesi alikuwa na chanjo vijijini, Mwalimu Mkuu akaniuliza kama naweza kuwafundisha darasa la tatu. Nilikataa, halafu nikakubali. Nikawaambia la kufanya mtu akianguka: uondoe vitu vya hatari, umlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, uangalie saa, ikizidi dakika tano uite watu wampeleke hospitali. Wakarudia wote kwa sauti kubwa kama jedwali la kuzidisha. Nilidhani nimemaliza. Katoto kamoja, kanaitwa Erica, kakanyoosha kidole.

"Dada Zipora, wewe unaogopa?"

"Siogopi kuanguka," nikamjibu. "Naogopa kuamka nikute watu wamekimbia."

Kakafikiri. Kakakaa.

Sasa lile nililosema nitakwambia nikifika. Sijui tutaonana lini, na wewe umeandika kwamba likizo ya Aprili mnabaki shuleni, kwa hiyo naliandika. Nilikusamehe Agosti, mtoni, ile siku bibi aliyoacha kanga mlangoni. Nilitaka nikwambie huku nakuona uso.

Saa ya kwenda nyumbani Erica alikuwa ananingoja getini. Kwao ni upande mwingine kabisa, njia ya mashamba ya mizabibu. Akanishika mkono, huu wa vidole visivyonyooka, akaanza kutembea na mimi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Nakusindikiza."

Nilitamani angekuwa wewe. Lakini nilimwacha anishike mpaka nyumbani.

Zipora